Kuandika-andika

Shangazi yangu hupiga simu saa kumi na moja alfajiri. Ni mtu wa Muheza, amezoea kuamka kabla ya jogoo, na anajua kwamba mimi pia huwa macho saa hiyo. Anajua vilevile kwamba siko shambani, sijainjika chai, wala sijaanza safari ya kwenda kufundisha. Kwa hiyo nina nafasi. "Unafanya nini saa hizi?" huuliza. Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa lilelile: "Naandika kidogo tu, shangazi." Naye hunijibu kwa furaha, "Aa, basi huna kazi. Nisikilize."

Saa hiyo ndiyo pekee niliyo nayo. Kuanzia saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili, kabla watoto hawajaamka, kabla sijapanda daladala kwenda kusimama mbele ya wanafunzi sitini wa kidato cha pili. Hadithi niliyoiacha jana hulala kichwani kama unga uliokandwa, na alfajiri ndipo inapokubali kusukumwa. Simu ikilia katikati ya sentensi, sentensi ile hairudi. Nimejaribu kuifuata mara nyingi baada ya maongezi. Ninayorudi nayo ni nyingine, inafanana nayo, lakini haina uhai. Mtu asiyefanya kazi hii hawezi kuiona hasara hiyo, kwa sababu hakuna kilichomwagika, hakuna kilichoungua.

Katika ukoo wetu kazi yangu ina jina. Huitwa kuandika-andika. "Yule wa Tanga mjini bado anaandika-andika?" Lugha yetu ina ukali wake: ukikitamka kitenzi mara mbili, mara nyingi unakipunguzia uzito. Anayelima ana shamba. Anayelima-lima anapitisha siku. Anayepika ana watu wa kulisha; anayepika-pika anagusa masufuria. Hakuna kikao cha ukoo kilichokaa kikaamua kunidharau. Neno lilirudiwa, na dharau ikaingia yenyewe.

Na neno "mwandishi" nalo halinisaidii. Kwenye harusi ya binamu yangu, kaka yangu alinitambulisha kwa wakwe: "Huyu ni dada yetu, mwalimu." Nikaongeza, "Na mwandishi." Mzee mmoja akauliza kwa heshima zote, "Wa gazeti gani?" Nikamwambia naandika hadithi. Akatikisa kichwa taratibu, akanitazama, akasubiri niendelee, kama mtu aliyepewa nusu ya habari.

Mwanamke ana la ziada. Mwanamume akikaa peke yake chini ya mwembe na daftari, watu watapita wakidhani anapiga hesabu. Mimi kwenye shughuli za nyumbani nimewahi kuficha daftari ndani ya kanga, nikaenda kusimama nyuma ya choo kuandika mistari minne, kwa sababu kukaa na kalamu huku wenzangu wanamenya vitunguu ni sawa na kusema vitunguu si vyangu. Sijawahi kuwalaumu kwa hilo. Vitunguu ni vyangu kweli. Lakini na ile mistari minne ilikuwa yangu.

Baba aliniuliza mara moja katika maisha yake, kitabu changu cha kwanza kilipokuwa na mwaka mmoja. "Kimekupa nini?" Nilimwambia ukweli: mrabaha wa mwaka mzima haukufika bei ya gunia la mchele. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi usiache kufundisha." Hakurudi tena kwenye habari hiyo mpaka alipofariki. Nililibeba neno lile kama tusi kwa miaka saba au minane.

Leo nalisikia vingine. Baba alinisomesha kwa machungwa. Anayelima machungwa Muheza anajua jambo moja kuliko watu wa mjini: mti unaweza kuzaa vizuri sana, matawi yakainama mpaka chini, na mwenye mti akabaki maskini, kwa sababu machungwa yote ya wilaya yameiva pamoja na lori linakuja na bei yake mfukoni. Baba alikuwa amewahi kuona machungwa mazuri yakiozea chini ya mti. Aliponisikia nikitaja gunia la mchele, hakuona mtoto anayecheza. Aliona zao zuri lisilo na soko, na alijua maumivu yake. Hakuwa na maneno mengine ya kuniambia kuwa anaogopa.

Watu wetu huamini wanachokiona kikiingia nyumbani, na mimi siwezi kuuita huo ujinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini aliyekuja Dar es Salaam kutafuta riziki, alipoanza kuchora ndege na wanyama kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, mwishoni mwa miaka ya 1960, picha zake zilinunuliwa na wageni kule Oyster Bay. Wa kwanza kukaa chini kujifunza kwake walikuwa ndugu na jamaa zake. Alipouawa kwa risasi mwaka 1972, ni wao walioendelea, na ndiyo maana jina lake leo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Fedha iliwaleta, sawa. Lakini walipofika walishika brashi. Sijui kama ningekuwa na haki ya kuwadai waje kabla.

Fedha, hata hivyo, si kipimo pekee. Nilimpa kaka yangu kitabu kile, nikakiandikia jina lake kwa mkono. Baada ya miaka miwili nikaenda kwake, nikakiona. Kilikuwa sebuleni, ndani ya kabati la vioo, kimesimamishwa jalada likitazama mlangoni, kati ya seti ya vikombe vya maua na picha ya ubatizo wa mwanawe wa kwanza. Nikaomba nikishike. Kurasa zilikuwa zimebana vilevile kama zilivyotoka kiwandani. Hakuna kidole kilichopita ndani yake. Nilikirudisha kabatini, nikanywa chai, nikaondoka na donge kooni mpaka stendi.

Ilinichukua muda kufikiri juu ya kabati lenyewe. Katika nyumba zetu, kabati la vioo ndipo panapowekwa kitu ambacho hatutaki kivunjike. Vile vikombe vya maua sijawahi kuona mtu akivinywea. Vinasubiri mgeni ambaye huenda asije. Kaka yangu hasomi vitabu, hata vya watu wengine. Anasoma mita za umeme na bei za mabati. Kitabu cha dada yake alikipeleka mahali pa juu kabisa anapopajua. Mimi nilitaka kusomwa, yeye akanipa heshima, na nilikasirika kwa sababu nilidhani vitu hivyo viwili ni kimoja. Bado natamani angekisoma. Ila siku hizi nikiingia kwake nakitafuta kwa macho, na kikiwa pale nakaa vizuri kwenye kochi.

Wapo wenye nia mbaya, sikatai. Kuna ndugu anayekucheka mbele ya watu, anayesubiri uanguke ili aseme alisema. Huyo hahitaji tafakari ndefu. Msalimie, mtakie heri, usimwonyeshe unachoandika. Wanaoniumiza mimi ni wale wanaonipenda.

Kinachonishangaza ni kwamba fasihi yetu haikuzaliwa mbali na jamaa. Ilizaliwa humohumo majumbani. Mwana Kupona binti Mshamu, mnamo 1858, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wake kumwelekeza binti yake. Shaaban Robert, mtu wa huku kwetu Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Mtu alikuwa akishika kalamu kwa sababu ana mtoto, ana mke aliyefariki, ana wosia. Shairi lilikuwa na mwenyewe. Hadithi zangu zinakwenda kwa mtu nisiyemjua, Mbeya au Nakuru, na pengine hapo ndipo ndugu zangu wanapoachwa nje. Wanauliza "za nini?" na swali lenyewe hasa ni "za nani?"

Huyo Shaaban Robert naye, tunayemwita gwiji sasa, siku zake za kazi zilikuwa za ukarani. Aliingia forodhani mwaka 1926, akazunguka ofisi za serikali karibu maisha yake yote ya utu uzima. Majirani walimwona karani anakwenda, karani anarudi. Katika ndugu zake alikuwapo mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye Shaaban alimwandikia barua kuanzia 1931 hadi 1958. Barua hizo zilitunzwa, na mwaka 2002 zikatoka kuwa kitabu, mhariri akiwa M. M. Mulokozi. Ninaposhika kitabu kile siwazi kwanza juu ya mwandishi. Namuwaza aliyepokea. Miaka ishirini na saba ya bahasha. Karatasi katika hali ya hewa ya Tanga, mchwa, mvua za masika, kuhama nyumba, watoto wanaotafuta karatasi ya kuchezea. Kutunza barua namna hiyo ni kazi, ya kila siku, bila mshahara wala shukrani. Mtu mmoja wa namna hiyo katika ukoo ni riziki kubwa kuliko ukoo mzima unaokupigia makofi.

Mimi wangu hakutoka katika damu. Ni mwalimu mwenzangu wa Jiografia, mtu mkimya, anayeniomba kurasa siku ya Ijumaa na kunirudishia Jumatatu zikiwa na alama ndogo za penseli pembeni pale alipochoka. Haniambii kwa nini alichoka. Ananionyesha tu mahali. Nilipompata huyo, niliacha kuwadai ndugu zangu kazi ambayo hawakuiomba.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niketi kuandika haya.

Baba mkubwa alifariki Jumatano usiku. Mazishi yakapangwa Ijumaa saa nane. Kamati ikakaa nje chini ya turubai: jeneza, chakula, usafiri wa watu wa Korogwe, michango. Mwisho kabisa mwenyekiti akasema, "Kuna wasifu wa marehemu." Kimya kidogo. Kisha baba mdogo akainua mkono kuelekea ndani tulipokuwa wanawake. "Si yupo yule anayeandika-andika? Atuandikie."

Neno lilelile. Lakini safari hii hakuna aliyecheka, na watu wazima kadhaa waligeuka kunitazama kama wanavyomtazama fundi aliyefika na mfuko wa vifaa.

Nilikaa kwenye mkeka chumbani kwa mama mkubwa, taa ya sola ikining'inia kwenye msumari, daftari kubwa la kaunta mapajani. Wanawake walikuwa wamelala huku na huku, wengine wamekaa, mafuta ya kuchua yakinukia. Nikaanza kuuliza. Alizaliwa lini? Cheti cha ubatizo kilisema mwaka mmoja, mama mkubwa akasema mwingine, bibi mmoja wa jirani akasema wote wamekosea kwa sababu yeye alimzidi kwa mvua mbili. Aliajiriwa lini kwenye mkonge? Hapo walikubaliana: baada ya mashamba kutaifishwa, 1967, si mwaka uleule bali uliofuata. Nikaandika. Nilipofika mahali pa tabia, nikafanya kama wanavyofanya wote. Nikaandika, nikawasomea: "Marehemu alikuwa mtu mpole, mcheshi na mpenda watu."

Shangazi alikuwa amejilaza akitupa mgongo, amejifunika kanga gubigubi. Nilidhani amelala.

"Futa hilo," akasema.

"Lipi, shangazi?"

"La upole. Kila anayekufa ni mpole. Kaka yangu hakuwa mpole, alitupiga bakora. Andika alivyokuwa anafunga mlango."

Nikamuuliza alifungaje. Akainuka, akakaa. Akaeleza kwamba alipokuwa msichana aliishi kwa kaka yake huyo, kwenye nyumba za kambi, na kaka alikuwa zamu ya usiku kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Alirudi usiku wa manane. Mlango wao ulikuwa na bawaba moja iliyolegea, ukiusukuma unalia nyumba nzima. "Basi alikuwa anaubeba," akasema, na mikono yake miwili ikashuka chini ya mlango ambao haukuwapo, ikaushika ubao wa chini, ikaunyanyua kidole kimoja kutoka sakafuni, ikauzungusha polepole mpaka ukakaa. "Hivi. Kila usiku. Mtu ametoka kazini amechoka, nyuzi za mkonge zimemjaa mpaka kwenye nyusi, anaubeba mlango ili sisi tusiamke. Mchana anachapa. Andika hivyo."

Chumba kizima kilikuwa kimenyamaza. Mikono ya shangazi ilibaki hewani kidogo, kisha ikarudi kwenye kanga.

Nikainamisha kichwa. Mtu mmoja akaanza kuuliza habari ya sukari, na mimi nikasikia sauti yangu ikisema, "Naomba kimya, naandika." Sikusema kidogo. Sikusema tu. Wanawake wasiopungua kumi na tano wakanyamaza, na aliyekuwa akiuliza habari ya sukari akatoka nje kwa ncha za vidole. Nikaandika mlango ule kwa sentensi tano. Nilizibadilisha mara nyingi. Hakuna aliyenikatiza mpaka nilipoinua kalamu mwenyewe.

Siku ya Ijumaa wasifu ulisomwa kanisani na mjukuu wa marehemu, kijana mwenye sauti nzuri. Alipofika mlangoni, kanisa lilitulia namna ambayo sijawahi kuisikia kwa kitu changu chochote kilichopigwa chapa. Mama mkubwa aliuficha uso ndani ya kanga. Baadaye katika neno la shukrani walishukuriwa padre, kwaya, wapishi na mwenye turubai. Mimi sikutajwa, na kwa mara ya kwanza sikulisubiri jina langu.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria shangazi. Hajawahi kusoma ukurasa wangu hata mmoja. Miwani yake ilivunjika zamani na hakuhangaika kununua nyingine. Lakini usiku ule, akiwa amelala na uchungu wa kaka yake, alisikia sentensi mfu ikipita chumbani na hakuweza kuiachia. Akailetea iliyo hai mahali pake. Wahariri niliowahi kufanya nao kazi wameniachia upole wa namna ile mara ngapi? Nilikuwa nimemweka shangazi upande wa watu wasioelewa, na sikio langu huenda nililipata kwake, kwenye hadithi za jioni alizotusimulia tukipukuchua mahindi, ambamo hakuna mtu aliyekuwa mpole na hakuna aliyekuwa mkatili, ila kila mtu alikuwa anafanya jambo fulani kwa mikono yake.

Na nimefikiria zaidi ile sentensi yangu ya maneno matatu. Naandika kidogo tu. Niliisema kwa zaidi ya miaka kumi na tano, kwa shangazi, kwa wakwe, kwa wageni waliokuta taa yangu ikiwaka. Niliisema kwa adabu, ili nisionekane najikweza. Baba mdogo alikuwa na kuandika-andika kwake, mimi nilikuwa na tu yangu, na yangu ilitangulia. Wangelipata wapi neno zito, nami mwenyewe nimewakabidhi jepesi?

Wiki mbili baada ya arobaini nilimwambia shangazi kwamba kuanzia saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili niko kazini. Nilitumia neno hilohilo, kazi. Akasema sawa. Mwezi wa kwanza alisahau mara nne. Nikaanza kuiacha simu jikoni.

Juzi ililia. Saa hiyo simu ikilia mtu huwaza msiba, kwa hiyo nikaenda.

"Uko kazini?" shangazi akauliza.

"Niko kazini, shangazi."

"Unaandika?"

"Naandika."

Akanyamaza. Kisha akashusha sauti. "Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Ni hadithi..." Lile neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. "Ni hadithi."

"Ya nani?"

"Ya mwanamke mmoja anayerudi kwao baada ya miaka mingi."

"Na huko kwao kuna nani?"

Nilisimama na simu yangu jikoni, nikitazama sufuria. Kurasa ishirini na tatu nilikuwa nimeandika, mwanamke yule yuko njiani tangu ukurasa wa kwanza, ana mizigo, ana nauli, ana kumbukumbu.

"Sijafikiria, shangazi."

"Fikiria," akasema. "Nitakupigia jioni."